Kundi Lililogawanyika Chini ya Jabali: Uchambuzi wa Kisa cha Matembezi ya Pwani ya Kwale

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika pwani ya kusini ya Kenya, Kaunti ya Kwale, kwenye sehemu iliyo kati ya Tiwi na Kinondo. Majina ya wahusika, mahali wanapofanya kazi, tarehe, na majina ya ghuba zenyewe yameondolewa. Jina la msitu uliotumika kama njia ya kuokokea halikutajwa, kwa ombi la wazee wanaoutunza. Maelezo yametokana na mazungumzo na wengi wa washiriki, mwongozaji wao, na mvuvi mmoja aliyekuwa mahali pale. Walipotofautiana kuhusu saa, zimefuatwa saa zilizorekodiwa na picha za simu. Vimo vya maji ni vya jedwali lililotumiwa na kundi lenyewe. Vimo vya katikati, kati ya kupwa na kujaa, vimekadiriwa kutokana na jedwali hilo.

Hakuna aliyefariki, na huenda ndiyo sababu kisa hiki kilikaribia kusahaulika. Kinastahili kuandikwa kwa sababu kundi lilikuwa na karibu kila kitu ambacho kwa kawaida tunawalaumu watembeaji kwa kukosa: jedwali la maji, mwongozaji mwenyeji, maji ya kunywa ya kutosha, na siku iliyochaguliwa kwa makusudi.

Mazingira

Pwani hii si ufukwe mmoja mrefu kama inavyoonekana kwenye picha za matangazo. Kuna fukwe pana za mchanga mweupe, kisha ghafla mchanga unakatika na jabali la matumbawe linaingia hadi majini. Majabali haya ni mabaki ya miamba ya matumbawe iliyokua wakati bahari ilipokuwa juu zaidi ya ilivyo leo, yapata miaka 125,000 iliyopita. Yana kimo cha mita chache tu, na mgeni huyaona kuwa madogo, lakini mawimbi yameyala kwa chini hadi yakabaki yakining'inia kama paa, na uso wake ni wa ncha kali zinazokata kiganja. Mtu aliye chini hawezi kuyapanda mahali popote apendapo. Anapanda pale tu ambapo ufa, maporomoko au mkono wa mtu umeacha njia.

Mbele ya majabali kuna tambarare ya mwamba ambayo hufunuka maji yanapopwa, na wavuvi, wake kwa waume, huenda huko kwa miguu kutafuta pweza na kome. Nyuma ya majabali, pale ambapo mashamba na hoteli hazijafika, kuna vipande vya msitu wa pwani. Baadhi ya vipande hivyo ni kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambayo kadhaa kati yake, pamoja na Kaya Kinondo, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Kwa upande huu wa Kwale wenyewe ni Wadigo. Kaya Kinondo hupokea wageni kwa utaratibu maalumu: wanaongozwa, wanajifunga kaniki kiunoni, na hawatoki na chochote, hata jani. Baadhi ya kaya nyingine hazipokei wageni kabisa.

Maji ya pwani hii hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya kimo kati ya kupwa na kujaa huweza kukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hushuka hadi mita 1 na kitu. Jambo ambalo wenyeji hulijua bila kuliandika ni kwamba siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 6 za mchana, na hujaa kabisa jioni. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele. Kwa wastani ni dakika 50 hivi, ingawa siku za bamvua zenyewe husogea kwa kiasi pungufu ya hapo.

Sehemu inayohusika katika kisa hiki ina urefu wa takriban kilomita 2. Ukitoka kaskazini unakuta ghuba ya kwanza, ambayo imeungana na ufukwe mrefu wenye njia nyingi za kutokea. Halafu kuna rasi ya kwanza, ghuba ya pili, rasi ya pili, na ghuba ya tatu. Mbele ya hapo kuna mdomo wa mto mdogo wenye mikoko. Chini ya rasi ya kwanza mtu hupita kwa miguu mpaka maji yafike kimo cha mita 1.4 hivi. Chini ya rasi ya pili mwamba uko chini zaidi, na njia hufungwa maji yanapofika mita 1.1. Msomaji aushike mpangilio huu: mlango wa kuingilia hufungwa baadaye kuliko mlango wa kutokea. Anayepita rasi ya kwanza bila kulowa huamini kwamba ya pili itakuwa vivyo hivyo.

Kundi na mpango wake

Kundi lilikuwa na watu 11, wafanyakazi wa ofisi moja kutoka mji wa bara, wenye umri kati ya miaka 24 na 53. Mmoja wao, ambaye hapa ataitwa kiongozi, ndiye aliyepanga safari; alikuwa na uzoefu mzuri wa kupanda milima, lakini mdogo wa bahari. Walimkodi mwongozaji kijana, mzaliwa wa kijiji cha karibu na mtoto wa mvuvi.

Mpango wao ulikuwa kuanza kutembea saa 2:30 asubuhi, kwenda kilomita 5 za ufukwe wa wazi, kuingia sehemu ya majabali kabla ya saa 4:30, kuvuka mdomo wa mto maji yakiwa yamepwa kabisa, kula chakula cha mchana upande wa pili, kisha kuendelea hadi Kinondo kwa matembezi ya msituni waliyokuwa wameyapanga na walinzi wa kaya. Jedwali lilionyesha kwamba siku hiyo, siku 2 baada ya mwezi mpevu, maji yangepwa hadi mita 0.2 saa 5:10 asubuhi na kujaa hadi mita 3.8 saa 11:20 jioni.

Kiongozi alichagua siku ya bamvua kwa hoja iliyo wazi: maji yakipwa sana, ufukwe unakuwa mpana sana. Mwongozaji alikubali. Ulikuwa msimu wa Kusi, na upepo ulikuwa ukivuma kutoka baharini tangu asubuhi.

Mfuatano wa matukio

Basi dogo lililowaleta lilichelewa, na kundi lilianza kutembea saa 4:15. Mwongozaji anasema alimwambia kiongozi kwamba wamechelewa, naye kiongozi akauliza maji yanapwa saa ngapi. Alipojibiwa kwamba ni saa 5 na kitu, alisema basi bado wana muda. Mazungumzo hayo yalichukua pengine nusu dakika, na hakuna mwingine aliyeyasikia.

Walifika ghuba ya kwanza saa 6:10 mchana. Maji yalikuwa yameanza kurudi kwa saa nzima, lakini kwa macho hakuna dalili iliyoonekana, kwa kuwa katika saa ya kwanza yalikuwa yamepanda sentimita 30 tu na mwamba bado ulikuwa wazi hadi mbali. Walipita rasi ya kwanza saa 6:35 wakiwa wakavu. Dakika chache baadaye mshiriki mmoja aliyevaa ndala za kamba aliteleza kwenye mwani, akakatwa wayo na ncha ya mwamba. Mwongozaji na watu wengine walibaki naye kumfunga kidonda. Wengine walipiga picha. Kiongozi na watu 3 waliokuwa na mwendo mkali waliendelea taratibu, wakiamini kwamba wengine watawafikia.

Saa 7:10 watu hao 4 walifika rasi ya pili na kukuta maji yamefunika njia hadi magotini. Waliamua kupita. Katikati ya rasi wimbi liliwainua, mmoja akateguka kifundo cha mguu na mwingine akapoteza simu, lakini wote walifika ghuba ya tatu. Mwongozaji alifika na watu 7 waliobaki saa 7:25. Wakati huo mawimbi yalikuwa yakipiga jabali lenyewe na kurudi nyuma. Mshiriki mmoja alitaka kujaribu, mwongozaji akakataa kabisa. Walipiga kelele kuwaita wenzao bila kusikika, na chini ya jabali simu hazikuwa na mtandao.

Waligeuka. Walipofika tena rasi ya kwanza saa 7:40, nayo ilikuwa imefungwa. Watu 8, mmoja wao akiwa na kidonda, wakawa wamebaki katika ghuba ya pili, mchanga ukipungua mbele yao.

Mwongozaji alijua kwamba katika ghuba ile kuna ufa wa kupandia. Wavuvi huutumia, lakini unatokea ndani ya kaya isiyopokea wageni, na yeye mwenyewe tangu utotoni alikuwa ameambiwa asipeleke mtu huko. Hakuwaambia wengine. Kwa takriban dakika 20 alizunguka ghuba akitafuta mtandao ili ampigie mzee mmoja aombe ruhusa. Kilichomaliza hali hiyo ni sauti: kishindo cha pole pole kutoka juu, cha mtu anayempigiza pweza juu ya jiwe ili nyama ilainike. Mvuvi alikuwa ametoka majini mapema, kama wavuvi wote wa siku hiyo, na alikuwa ameketi kivulini kwenye mdomo wa ufa. Mwongozaji alimwamkia, akamweleza. Mvuvi hakuuliza mengi. Aliwaagiza wapande mmoja mmoja, akasema yeye mwenyewe atakwenda kuwaambia wazee.

Kupanda kulichukua zaidi ya nusu saa. Ufa una kimo cha mita 6 hivi, na una vishikio vilivyochongwa vya kutosha mguu mmoja tu. Mtu wa mwisho alitoka juu saa 8:40, wakati ambapo maji yalikuwa yamefika ukuta wa jabali kila mahali.

Katika ghuba ya tatu mambo yalikuwa mabaya kwa namna nyingine. Watu wale 4 walikuwa na mchanga mkavu wa kutosha kwa saa moja zaidi, lakini mdomo wa mto ulikuwa umejaa na hawakuweza kuuvuka. Kiongozi, akiwa hajui wenzake wako wapi, aliamua saa 7:50 kurudi kuwatafuta kwa kuogelea kuizunguka rasi ya pili. Aliingia hadi kifuani, akasukumwa kwenye jabali, akachubuka bega na paja, akarudi. Alitaka kujaribu tena. Mshiriki aliyeteguka mguu alimwambia kwamba akienda yeye, basi watakaobaki hawatakuwa na mtu wa kuwaongoza, na hilo ndilo lililomkalisha. Saa 8:50 askari wa nyumba moja iliyo juu ya jabali aliwaona, akawafungulia lango la ngazi. Makundi mawili yalipata habari za kila mmoja kwa simu saa 9:05, yaani baada ya saa 1 na dakika 40 za kutojua.

Matokeo

Kidonda cha wayo kilishonwa katika zahanati. Kifundo cha mguu kilifungwa bendeji. Michubuko ya kiongozi ilisafishwa na haikuwa na madhara makubwa. Matembezi ya msituni yalifutwa. Siku iliyofuata kiongozi na mwongozaji walikwenda kuwaona wazee wa kaya, ambao walikuwa wameshapata habari kutoka kwa mvuvi. Wazee hawakutoza faini. Walisema kwamba kaya haimkatazi mtu anayekimbia maji, ila walimkemea mwongozaji kwa jambo ambalo hakulitarajia: kukaa dakika 20 na wageni chini ya jabali akisubiri ruhusa.

Uchambuzi: bamvua ilikuwa chaguo sahihi

Mtu wa kwanza kuambiwa kisa hiki kwa kawaida husema kwamba kosa lilikuwa kutembea siku ya bamvua. Si kweli. Siku za maji mafu, maji ya pwani hii hayashuki vya kutosha kuifungua rasi ya pili. Mara nyingi yakipwa kabisa huwa bado juu ya mita 1.1. Anayetaka kupita chini ya majabali haya kwa miguu hana siku nyingine isipokuwa siku zinazokaribia bamvua. Kiongozi alikuwa sahihi, na mwongozaji alikuwa sahihi kumkubalia.

Kilichokosekana ni kuelewa upande upi wa kupwa unaofaa kuingilia. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Kanuni ya zamani ya mabaharia hugawa tofauti ya kimo katika sehemu 12: saa ya kwanza maji hupanda sehemu 1, ya pili sehemu 2, ya tatu na ya nne sehemu 3 kila moja, ya tano sehemu 2, ya sita sehemu 1. Siku hiyo tofauti ilikuwa mita 3.6, kwa hiyo kila sehemu ni sentimita 30. Baada ya saa ya kwanza maji yalikuwa kwenye mita 0.5, baada ya ya pili mita 1.1, baada ya ya tatu mita 2.0, baada ya ya nne mita 2.9. Kati ya saa 7:10 na saa 8:10 mchana yalipanda sentimita 90 kwa saa moja. Mtu aliyeyatazama saa 6:10 akaona hayajasogea sana, na akatumia alichokiona kukisia saa inayofuata, alikuwa amekosea mara mbili kwa saa hiyo, na mara tatu kwa ile iliyofuata.

Kwa hesabu hiyo rasi ya pili ilikuwa wazi kuanzia saa 2 kabla ya maji kupwa kabisa hadi saa 2 baadaye, yaani kwa saa 4 nzima. Anayeingia sehemu ya majabali saa moja kabla ya kupwa ana saa 3 mbele yake, na akijikata wayo anaweza kukaa chini, akafungwa kidonda, akanywa maji, na bado bahari inaendelea kumwachia nafasi. Anayeingia saa moja baada ya kupwa ana saa moja tu, na kila dakika anayoipoteza ni ghali kuliko iliyotangulia. Umbali ni ule ule, kimo cha maji wakati wa kuingia ni kile kile, na macho hayaoni tofauti yoyote. Ndiyo maana swali la kiongozi, kwamba maji yanapwa saa ngapi, lilijibiwa kwa usahihi na bado likampoteza. Swali lililohitajika ni saa ngapi mtu wa mwisho atakuwa ameshapita rasi ya pili.

Upepo nao ulichangia. Jedwali ni hesabu ya mwezi na jua, halijui Kusi. Mawimbi ya msimu huo, yakishapata maji ya kutosha kuvuka ukingo wa mwamba, hufika ufukweni na nguvu yake, na ndiyo sababu mita 1.1 za jedwali zilikuwa magoti kati ya wimbi na wimbi, na kiuno wimbi lilipofika. Mwongozaji alilijua hili kwa uzoefu, lakini hakuna aliyemuuliza.

Uchambuzi: jabali lenyewe lilikuwa limeandika

Kuna jambo ambalo kila mshiriki aliliona na hakuna aliyelisoma. Katika ghuba ya kwanza, juu ya mchanga, kulikuwa na mstari wa mwani mkavu na vijiti, na juu ya mstari huo mchanga mkavu wenye majani ya mtandavu. Katika ghuba ya pili mstari huo haukuwepo. Mchanga wote ulikuwa umelowa na kushikamana hadi kwenye ukuta, na ukutani, juu kidogo ya kichwa cha mtu mzima, kulikuwa na utepe wa chaza wadogo walioganda kwenye jiwe. Chaza hawaishi mahali ambapo maji hayafiki. Mtu aliyesimama pale wakati wa bamvua, akawaona chaza juu ya kichwa chake na asione mchanga mkavu popote, alikuwa anatazama chumba ambacho hujaa maji hadi juu ya kichwa chake. Hilo halihitaji jedwali, na kwa maoni yangu ndilo la kwanza ambalo mwongozaji yeyote wa pwani hii angelionyesha wageni wake kabla hata ya kuwaonyesha mbega msituni.

Uchambuzi: kugawanyika

Hatari kubwa ya siku hiyo haikuwa katika ghuba ya pili. Kule kulikuwa na mwongozaji, njia ya kupandia, na mtu aliyekataa kujaribu bahati. Hatari kubwa ilikuwa saa 7:50, pale mtu mwenye afya, mwenye nia njema na mwenye kubeba dhamana alipoingia majini kuwatafuta watu ambao hawakuhitaji kutafutwa na yeye.

Alifanya hivyo kwa sababu alikuwa kiongozi na hakuwa na habari. Ukisikiliza maelezo yake huoni uzembe; unaona mtu aliyewaacha watu 7 nyuma ya jabali na anayasikia mawimbi yakilipiga. Kosa lilifanyika dakika 75 kabla, pale kundi lilipovuka rasi ya kwanza bila kukubaliana kwamba hakuna atakayevuka rasi ya pili mpaka wote wawe wamesimama mbele yake. Kundi la milimani linaweza kutawanyika na kukutana kambini, na kiongozi alikuwa amezoea hivyo. Chini ya majabali, rasi ni lango. Kundi lililo pande zote mbili za lango linalofungwa si kundi moja tena, na kila upande utaamua mambo kwa kubahatisha hali ya upande mwingine.

Mgawanyo wa madaraka ulizidisha jambo hili. Kiongozi alikuwa na mamlaka, mwongozaji alikuwa na maarifa, na kwa kuwa mwongozaji alikuwa kijana aliyelipwa, na kiongozi ni mtu mzima aliyemwajiri, onyo la saa 4:15 lilitolewa kwa adabu kiasi kwamba halikusikika kama onyo. Adabu ya pwani haimruhusu kijana kumwambia mkubwa wake waziwazi kwamba haendi. Mwongozaji alipokataa baadaye, saa 7:25, alikuwa peke yake na wageni na hatari ilikuwa imeshaonekana kwa macho. Kukataa kulikuwa rahisi. Anayetaka kukataa kusikike mapema, pale ambapo bado kuna faida, hana budi kumpa mwongozaji ruhusa hiyo hadharani kabla ya safari kuanza, mbele ya kundi zima, kwa maneno ambayo hayamvunjii mtu heshima.

Uchambuzi: njia iliyofichwa

Kuhusu zile dakika 20, ni rahisi kumlaumu mwongozaji, na baadhi ya washiriki wanamlaumu. Lakini aliwekwa katika hali ambayo hakuna aliyewahi kuizungumza naye. Kaya hizi zimesalia kwa sababu watu wamekatazwa kuingia ovyo, na kijana aliyelelewa kando yake hawezi kutarajiwa kuupima mwiko huo upya peke yake, akiwa na maji miguuni na watu 7 wakimtazama. Kazi hiyo ilipaswa kufanywa siku kadhaa kabla, kwa kwenda kuwauliza wazee ni nini kinaruhusiwa maji yakiwakuta watu pale. Walipoulizwa hatimaye, jibu lao lilipatikana mara moja.

Upangaji wa njia za pwani huhesabu maji, umbali na jua. Mara chache huhesabu nani ana mamlaka juu ya ardhi iliyo juu ya jabali: kaya, nyumba ya mtu, hoteli, bandari ya wavuvi. Kila njia ya kutokea katika sehemu ile ilikuwa mikononi mwa mtu fulani. Mvuvi alifungua moja, askari akafungua nyingine, wote wawili kwa hiari yao, na hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye mpango.

Yaliyobadilishwa na yaliyobaki

Waongozaji wa eneo hilo walikubaliana, baada ya kikao na kamati ya usimamizi wa fuo ya wavuvi, kwamba hakuna kundi litakaloingia sehemu ya majabali baada ya saa ya maji kupwa kabisa, hata kama mwamba bado uko wazi. Litazunguka kwa barabara ya juu. Makundi yamepunguzwa hadi watu 6 kwa mwongozaji mmoja. Ndala za kamba zimekatazwa. Wazee wanaarifiwa siku moja kabla, na namba ya mzee mmoja na ya askari wa ile nyumba zinabebwa na watu wawili tofauti katika kundi, pamoja na namba za dharura 999 na 112, ingawa kila mtu anajua kwamba chini ya jabali simu hazishiki na namba hizo zitamfaa aliyekwisha kufika juu.

Jambo moja halijaafikiwa. Baadhi ya waongozaji wanataka ufa uwekewe alama ya rangi inayoonekana kutoka mchangani, ili mgeni aliyekuja peke yake bila mwongozaji auone. Wazee wamekataa. Wanasema alama inayomwonyesha anayekimbia maji itamwonyesha pia anayekuja kukata miti, na kwamba huyo wa pili ndiye anayekuja mara nyingi zaidi. Hoja zote mbili zina uzito, na kwa sasa ufa hauna alama.